Mafundi wa Pafu

Pafu likishatolewa kifuani hunywea. Mkaguzi wa nyama anayefika kichinjioni hapa Kangari, Kigumo, kaunti ya Murang'a, alfajiri hulijua jambo hilo kwa vidole vyake. Hulishika pafu la ng'ombe, akalibonyeza toka juu hadi chini akitafuta uvimbe, akalipasua kwa kisu, akatazama rangi na povu linalotoka, kisha akageukia ini. Anachotaka kujua ni kama nyama itapigwa muhuri. Pafu lenyewe mara nyingi huishia kwa mbwa. Lakini kule kunywea ndiko kulikowasumbua wataalamu wa anatomia miaka mingi, kwa kuwa siri ya pafu iko katika namna hewa na damu zinavyokaribiana pasipo kuchanganyika, na mpangilio huo huvurugika mara tu kifua kinapofunguliwa.

Kwa hiyo ufundi huu huanza na kumimina. Mtafiti huunganisha mrija kwenye koo la mnyama aliyelazwa usingizi wa mwisho, kisha huiachia dawa iitwayo glutaraldehaidi ishuke polepole kutoka kwenye chombo kilichoinuliwa kwa kimo kilichopimwa. Ikisukumwa kwa nguvu mno, kuta nyororo hupasuka. Ikikosa nguvu, sehemu za pembeni hubaki zimekunjamana, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo. Dawa hufunga protini za tishu mahali zilipo, na pafu huganda likiwa limejaa. Baada ya hapo hukatwa, na vipande vya kwenda maabara huchaguliwa kwa kubahatisha, tena kwa makusudi. Hapa ndipo ninapoanza kuwastahi watu hawa. Jicho la binadamu hupenda kilicho kizuri: kipande kisafi, mshipa uliokatwa ukaonyesha mduara kamili. Mtaalamu wa anatomia amejifunza kulinyima jicho lake uchaguzi huo, kwani akichagua vizuri tu, atakuwa amepima uzuri na si pafu.

Vipande hivyo vya milimita moja au mbili huzamishwa ndani ya resini hadi ikakauka na kuwa ngumu. Kisha hukatwa tena kwa kisu cha kioo au cha almasi, safari hii viwe vyembamba kiasi cha kutofika sehemu ya kumi ya mikromita. Mikromita elfu moja ndizo milimita moja. Huelea juu ya maji, huokotwa kwa kijiwavu cha shaba, na ndipo huingizwa kwenye hadubini ya elektroni. Picha zikishapigwa, kazi ndiyo kwanza inaanza, nayo ni kuhesabu.

Kuhesabu huko kuna historia yake. Mwaka 1847 mtaalamu wa miamba wa Ufaransa, Delesse, alionyesha kwamba ukipasua jiwe na kupima eneo lililoshikwa na madini fulani kwenye uso uliopasuliwa, umekwisha kujua sehemu ya jiwe zima ambayo ni madini hayo. Zaidi ya karne moja baadaye Ewald Weibel wa Uswisi alilipeleka wazo hilo kwenye pafu. Alitandaza gridi ya nukta na mistari juu ya picha, akahesabu ni nukta ngapi zimeangukia damu, ngapi hewa, ngapi tishu, na mistari imekata kuta mara ngapi. Kutoka kwenye hesabu hizo rahisi hupatikana ujazo, eneo na unene wa kitu ambacho hakuna rula inayokifikia. Unene wenyewe hukokotolewa kwa wastani unaozipa uzito sehemu nyembamba kuliko nene, kwa sababu oksijeni hupita zaidi palipo pembamba. Kitabu chake cha vipimo vya pafu la binadamu kilitoka mwaka 1963. Ni kwa njia hiyo tunajua kuwa ndani ya kifua cha mtu mzima mmoja kuna zaidi ya mita za mraba 100 za kubadilishana hewa, na kwamba ukuta unaotenga hewa na damu una wastani wa mikromita 0.6 hivi.

Mwaka 1964, Weibel na George Palade walieleza vijifuko virefu vyembamba walivyoviona ndani ya seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, seli za endothelia. Vijifuko hivyo vinaitwa kwa majina yao mpaka leo, na sasa inajulikana kwamba huhifadhi protini inayosaidia damu kuganda pale mshipa unapojeruhiwa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu endothelia ilidharauliwa muda mrefu, ikadhaniwa ni bitana tu ya bomba. Tutaona seli hizi zina kazi gani.

Ushirika wa Weibel ulifika Kenya. Yeye na C. Richard Taylor wa Harvard walifanya kazi na Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kule Muguga, Kiambu, wanyama wa porini na wa kufugwa walifundishwa kukimbia juu ya mkanda unaozunguka huku oksijeni wanayotumia ikipimwa. Kulikuwa na dikdik, nyumbu, pofu, mbuzi na wengine wengi. Mapafu yao nayo yakapimwa kwa gridi ile ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981, na moja lililoshangaza ni kwamba uwezo wa pafu hauendi sambamba na hitaji la oksijeni kadiri mwili unavyokua: mnyama mkubwa ana pafu kubwa kuliko lile ambalo mbio zake zinamdai.

Katika mazingira hayo ya Nairobi ndimo alimokulia kitaaluma John N. Maina. Sijui mtu mwingine wa ukanda huu aliyetazama mapafu ya viumbe wengi namna hii. Mwaka 1982 yeye na A. S. King wa Liverpool walichapisha vipimo vya unene wa ukuta wa hewa na damu kwa ndege. Baadaye akaja popo, akaja kamongo wa maziwa yetu, samaki mwenye mapafu, ambaye yeye na Maloiy walimpima mwaka 1985, kisha samaki mdogo wa maji ya magadi wa Ziwa Magadi. Pafu la ndege halitanuki wala kunywea. Limebanwa na mbavu, hewa husukumwa na vifuko vilivyo nje yake, nayo hupita ndani kwa kuelekea upande mmoja. Kwa kuwa halilazimiki kunyumbulika, limeweza kuwa na kuta nyembamba kupita kiasi. Kwa ndege mdogo wa Amerika ya Kusini anayeelea hewani mbele ya ua, ukuta huo umepimwa kuwa mikromita 0.1 tu. Kwa mbuni ni karibu 0.56. Mwaka 2005 Maina na John West wa California waliandika pamoja kuhusu swali linalozaliwa na tarakimu hizo: inawezekanaje kitu kiwe chembamba kiasi cha kupitisha oksijeni na bado kiwe imara kiasi cha kuhimili msukumo wa damu moyo unapopiga kwa nguvu zote? Farasi wa mashindano hutoka damu mapafuni kwa sababu hiyo. Wao huufikia mpaka wa uimara.

Kati ya wanyama wote aliowapima Maina, mmoja tunamfahamu sana huku Kigumo. Fuko anayetafuna mizizi ya matete na viazi vitamu katika mashamba yetu, ambaye wazee humtegea kwa fimbo iliyopindwa na kamba, alifika maabara ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1992 Maina, Maloiy na Andrew Makanya walichapisha vipimo vya mapafu yake wakiyalinganisha na ya fuko mwingine, yule asiye na manyoya wa nyanda kavu. Wote wawili huishi kwenye mashimo yaliyofungwa, ambamo oksijeni hupungua na hewa chafu huongezeka. Pafu la yule asiye na manyoya lilikuwa na alama za uchanga zilizobaki hadi ukubwani, mojawapo ikiwa kuta zenye mtandao wa kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, mara mbili, upande huu na upande huu, mpangilio ambao mamalia wengi huuacha wakiwa wadogo. Mkulima anayemlaani fuko kwa kumharibia shamba hana habari kwamba kifua cha mnyama huyo kimechangia elimu ya dunia.

Jina la mwisho katika makala yale ndilo ninalotaka kukaa nalo. Andrew Makanya ni profesa wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na swali lake halikuishia kwenye umbo la pafu lililokwisha kukomaa. Alitaka kujua linavyojengwa.

Alipokwenda kulitafuta jibu alichukua yai la kuku. Kila mama wa huku anajua siku 21 za kuatamia, na wengine hulimulika yai kwa tochi usiku waone kama lina kitu. Wakati wote huo kifaranga hapumui kwa mapafu. Oksijeni humfikia kupitia ganda, ikapokelewa na mishipa iliyotandazwa chini yake. Mwishoni kabisa, siku moja au mbili kabla ya kutoka, hutoboa utando wa ndani kwa mdomo, akafikia mfuko wa hewa ulio upande mpana wa yai, na hapo ndipo huvuta pumzi ya kwanza. Pafu la mtoto wa binadamu hujitanua kwa pumzi ya kwanza. La kifaranga haliwezi, maana halitanuki. Lazima liwe limekamilika, kuta zote zikiwa zimechongwa, kabla hata chembe ya hewa haijaingia.

Mwaka 2006 Makanya, pamoja na Ruslan Hlushchuk, Valentin Djonov na wenzao wa Uswisi na Ujerumani, walionyesha uchongaji huo unavyofanyika. Seli zinazotandika njia za hewa za kiinitete ni ndefu, zimesimama bega kwa bega. Ili ukuta uwe mwembamba, seli hizo hukata sehemu zao za juu. Nyingine hubanwa na jirani zake mpaka kichwa chake kikachomoka. Nyingine hupanga vitundu vidogo kwa mstari ndani yake, vitundu vikaungana, na sehemu ya juu ikaanguka kana kwamba imepitishwa kisu. Kinachobaki ni tabaka jembamba lililolala juu ya kapilari. Lebo za picha zile husomeka kirahisi, lakini fikiria namna zilivyopatikana. Tukio lenyewe haliwezi kutazamwa likiendelea kwa hadubini ya elektroni, kwa kuwa seli iliyo chini ya hadubini hiyo imekwisha kufa. Mtafiti hugandisha mayai ya siku tofauti, akakusanya maelfu ya vipande vilivyosimama, kisha akapanga mwendo kutoka katika visivyokwenda. Akikosea kuupanga, seli inayokata kichwa chake itaonekana ni seli inayokiotesha. Kujua ni kipi kinachotangulia na kipi kinachofuata kunadai uzoefu ambao hakuna mashine inayouuza.

Mishipa nayo ina namna yake ya kujiongeza, na hapa naona uzuri ambao ningependa kila mwanafunzi wa biolojia wa Murang'a auone. Vitabu vingi vya shule huonyesha mshipa ukichipua tawi. Mwaka 1986, Caduff, Fischer na Burri, wakifanya kazi Bern kwenye mapafu ya panya wachanga, waliona njia nyingine. Kuta mbili za kapilari zinazotazamana hujivuta ndani mpaka zikagusana. Seli za endothelia hupanga upya maungio yao pale zilipogusana, katikati hutobolewa, na tishu ya nje hupenya ikaunda nguzo isiyozidi mikromita 2.5 kwa upana. Damu iliyokuwa na njia moja sasa ina mbili, sawa na maji ya Mathioya yanavyogawanyika kisiwa kinapozuka katikati ya mto. Nguzo zikiongezeka, kapilari moja pana huwa mtandao mzima, tena bila seli nyingi mpya kuzaliwa na bila damu kusimama hata mara moja. Makanya, Hlushchuk na Djonov waliandika mwaka 2009 mapitio ya njia hiyo ambayo wanasayansi wa mishipa wameyatumia sana, na katika pafu la kiinitete cha kuku walionyesha kwamba njia zote mbili, ya kuchipua na ya nguzo, hufanya kazi pamoja.

Nguzo hizo huonekana vipi? Kwa kuharibu kila kitu kingine. Mishipa husafishwa damu, kisha hujazwa resini ya majimaji kupitia ateri, kwa msukumo wa kadiri. Resini ikiganda, pafu lote hulowekwa katika potasiamu haidroksaidi hadi nyama ikayeyuka, likaoshwa, likalowekwa tena, likaoshwa tena. Mwisho wa yote hubaki umbo la mishipa peke yake, jepesi, linalovunjika kwa kuguswa. Hupakwa dhahabu na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni ya kuchanganua uso. Kila nguzo huonekana kama kitundu kidogo katika resini. Kitundu, hata hivyo, kinaweza pia kuwa kiputo cha hewa kilichoingia wakati wa kumimina. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu hurudi kwenye vipande vyembamba vya pafu jingine, akakata mfululizo, akathibitisha kwamba ndani ya kile kitundu kulikuwa na nguzo ya kweli yenye tishu ndani yake. Hii ndiyo sehemu ya kazi nisiyoweza kuipita bila kusimama. Picha ya resini ni ya kuvutia na ingetosha kumridhisha msomaji, lakini wao hawaridhiki nayo.

Je, pafu lililokwisha kukomaa linaweza kujijenga upya? Kwa muda mrefu jibu kwa mtu mzima lilikuwa la, na kwa kiasi kikubwa bado ni la. Ila mwaka 2011 Bi-Sen Ding, Shahin Rafii na wenzao wa New York walimwondoa panya pafu la kushoto, wakafuatilia lile lililobaki likikua. Wakakuta kwamba agizo la kukua hutoka kwenye endothelia ya kapilari. Seli hizo hutoa kimeng'enya kinachofungua vichocheo vilivyofungwa, na vichocheo huamsha seli za upande wa hewa zizaliane. Bitana ya bomba, kumbe, ndiyo msimamizi wa ujenzi. Mwaka 2012 madaktari waliripoti habari za mwanamke aliyeondolewa pafu moja zima akiwa na umri wa miaka 33. Miaka 15 baadaye vipimo vilionyesha lililobaki limeongeza vifuko vya hewa. Ni mtu mmoja, na sidhani inafaa kumwahidi mgonjwa yeyote kwa ushahidi wa mtu mmoja. Lakini mlango uliodhaniwa umefungwa ulionekana una ufa.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 Maximilian Ackermann na wenzake walichunguza mapafu ya watu saba waliouawa na ugonjwa huo, wakayalinganisha na ya saba waliouawa na mafua makali. Walimimina resini, wakayeyusha tishu, wakahesabu nguzo. Katika mapafu ya korona, ukuaji wa mishipa kwa njia ya nguzo ulikuwa mara 2.7 ya ule wa mafua. Mapafu yaliyojaa mabonge ya damu iliyoganda yalikuwa yakijaribu kujifungulia njia. Ufundi ambao kwa miaka mingi ulitumika kwa panya wachanga na mayai ya kuku ndio uliosoma msiba huo, na ulikuwa tayari kwa sababu kulikuwa na watu walioudumisha wakati hakuna aliyeuona una haraka yoyote.

Mwaka huo huo Astrid Gillich, Mark Krasnow na wenzao walionyesha kwamba kapilari za vifuko vya hewa za panya na za binadamu zina seli za endothelia za aina mbili zilizofumwa pamoja. Moja ni pana mno, nayo ndiyo ya kubadilishana hewa. Nyingine huweza kuzaa mpya za aina zote mbili pafu linapojeruhiwa. Walipotazama kobe na mamba wa Marekani hawakuukuta mgawanyo huo, wakaona kwamba huenda ulianza na mamalia. Ni kulinganisha mnyama na mnyama tena, ile ile desturi ya Chiromo.

Huku kwetu swali la pafu kujijenga lina uso wa mtoto. Julai ukungu wa Nyandarua hushuka mpaka sokoni, jiko la kuni huwaka siku nzima, na numonia ndiyo hofu ya kila nyanya. Aliye hatarini zaidi ni aliyezaliwa kabla ya wakati. Pafu lake bado lina ule mtandao wa kapilari mara mbili, ambao kwa mtoto wa binadamu huendelea kupangwa upya hadi baada ya kuzaliwa, na mashine na oksijeni vinavyomwokoa vinaweza pia kudumaza mishipa iliyokuwa ikijengwa. Daktari hana dawa iliyothibitishwa ya kuiambia endothelia yake iendelee pale ilipoachia. Wako wanaoitafuta. Na kabla haijakaribia kitanda cha mtoto yeyote, itabidi mtu akae na picha za mapafu ya wanyama waliopewa na wasiopewa, asiambiwe ni zipi za wepi, aweke gridi juu ya kila moja, ahesabu nukta.